Nani Atasimama Chini ya Daraja la Lwangala?

Hapo zamani, na wala si zamani ya majini na sultani mwenye binti mmoja, ni zamani ya juzijuzi ambayo baadhi yenu mlikuwa mmeshaota meno, palikuwa na Chama cha Wahandisi. Chama kilikuwa na kanda nyingi, na kanda yetu hii ya milimani ilikuwa inatafuta mwenyekiti. Sogeeni karibu. Sina funzo la kuwapa leo. Nina swali, limenikaa kooni tangu siku ile, na ninataka kuona kama nyinyi mna akili kuliko mimi.

Mimi si mhandisi. Nilikuwa mpika chai wao. Ni watu wazuri, lakini wape meza inayoyumba uone: hawanywi chai mpaka wajue ni mguu upi ulio mfupi, na wakishaujua hawakubaliani. Chai inapoa, wananilaumu mimi.

Sasa sikilizeni desturi yao. Kwingine mgombea huhutubia, hugawa fulana, huahidi mbingu. Kwao mgombea hutaja kazi yake moja tu, kazi anayoionea fahari, kisha wanachama wote huenda kuiona. Ikiwa ni daraja, lori lililojaa mawe hupita juu, na mgombea husimama chini. Kwa nini? Kwa sababu mwenyekiti wa kanda ndiye anayeyasemea madaraja yote. Akisema "piteni," watu hupita. Akisema "msipite," hawapiti. Wakaona wazee wa chama kwamba mwenye kuwaambia watu wapite juu, kwanza akubali kusimama chini. Na mgombea anayelizuia lori lisipite, huhesabiwa amejitoa mwenyewe.

Siku ya uchaguzi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti aliyekuwa anaondoka, Mhandisi Agripina Haule, ambaye sote tulimwita Mama Haule, akagonga meza kwa kijiko changu cha chai. Wagombea walikuwa watatu, wamefungiwa chumba cha pembeni, na kila mmoja akaitwa peke yake.

Akaitwa Sifaeli Mbwambo. Huyu alikuwa mwalimu wa nusu ya wahandisi waliokuwa mle ndani, mtu wa shati lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama.

"Mwalimu, taja kazi yako."

"Daraja la Lwangala."

Akaitwa Nuruana Shekilindi, mkandarasi, mwanamke wa sauti nzito, mwepesi wa kucheka.

"Dada Nuruana, taja kazi yako."

"Daraja la Lwangala."

Watu wakaanza kutazamana. Akaitwa Lusekelo Mwakifuna, mhandisi wa matengenezo wa wilaya, mpole, mwenye buti za tope hata wakati wa kiangazi.

"Bwana Lusekelo, taja kazi yako."

"Daraja la Lwangala."

Ukumbi ukaangua kicheko. "Mtoto mmoja, baba watatu!" akapiga kelele mtu wa nyuma. "Na mmoja wa hao baba ni mama!" akamjibu mwenzake. Mama Haule hakucheka. Akasema, "Basi twendeni kwa mtoto." Tukaenda, na mimi na birika langu.

Daraja la Lwangala lina nguzo moja kubwa katikati ya mto. Upande huu kuna soko na hospitali. Upande ule ni Kilole, na Kilole wanalima nyanya, na nyanya hazijui kusubiri. Siku hiyo watu wa Kilole walikuwa wamesimamishwa ng'ambo na mizigo yao, wangoje wahandisi wamalize mambo yao. Juu milimani wingu lilikuwa limeshakaa.

"Kila mmoja aseme kwa nini mtoto ni wake," akasema Mama Haule.

Akaanza Mwalimu Mbwambo. "Kabla yangu mto huu ulikuwa unakula madaraja. Watu walipanga nguzo nyingi, magogo yakakwama kwenye nguzo, maji yakapanda, daraja likaondoka. Mimi nikasema nguzo moja, na barabara ipite juu zaidi. Walinicheka. Nikachora hivyo hivyo. Tangu siku hiyo mto umekuja mara ngapi, na daraja limekwenda wapi? Niondoeni mimi, mwone kama daraja lipo!"

"Kweli!" wakasema wanafunzi wake.

Akafuata Nuruana. "Mwalimu alichora vizuri, simnyimi haki yake. Lakini mchoro hauna tope. Nilichimba pale alipoweka nguzo, nikakuta tope. Nikazidi kuchimba, nikakuta tope jingine. Nikampigia simu, akaniambia endelea, mwamba upo. Mwamba haukuwepo! Masika inabisha hodi, vibarua wangu wamesimama majini. Mwamba niliukuta pembeni kidogo, hatua chache kuelekea Kilole. Nguzo nikaihamishia huko, na ndiko iliko. Niondoeni mimi, mwone kama daraja lipo!"

Jamani, mngemwona Mwalimu Mbwambo. Kila mwaka alikuwa akiwaleta wanafunzi wake hapo ukingoni, anawaonyesha nguzo, anawaambia, "Tazameni, hapo hapo nilipochora." Sasa ndiyo kwanza anasikia. Nilimhurumia mpaka nikamimina chai bila mtu kuniomba.

"Umeihamisha nguzo yangu?"

"Nimeiweka kwenye mwamba, Mwalimu."

"Na hukuniambia!"

"Ningekuambia ungekataa. Ungekataa, ningejenga kwenye tope."

"Ungeniambia, Nuruana, ningekuja! Ningevua viatu niingie mtoni nione mwenyewe!"

"Ungekuja?" akauliza Nuruana. Na sauti yake, kwa mara ya kwanza, ilipungua. "Miezi yote ile ya ujenzi hukuja, Mwalimu."

Mwalimu akageuka kuitazama nguzo. Chai yangu hakuipokea.

Lusekelo akakohoa kidogo. "Wakubwa wangu, mmemaliza? Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi kulea. Mmoja alichora akaenda zake. Mmoja alijenga akaenda zake. Mimi nimebaki. Magogo nayatoa mimi. Mwaka wa mafuriko makubwa nilisimama hapa nikafunga njia, watu wakanitukana, kina mama wa soko wakanipiga kwa nyanya zilizooza. Maji yaliposhuka tukakuta mto umekula udongo chini ya tuta la kuingilia darajani. Barabara ilikuwa inaning'inia. Basi la abiria lingepita pale lingezama na watu wake. Nikajaza mawe. Niondoeni mimi, mwone kama daraja lipo!"

Wanachama wakapiga makofi. Nuruana akainua mkono. "Na mara nyingine ulizofunga, ulikuta nini?"

"Sikukuta kitu," akasema Lusekelo. "Daraja lilikuwa zima."

"Na yule mama wa Kilole aliyeshikwa na uchungu?"

Lusekelo akatazama buti zake. "Alizungushwa kwa njia ya milimani. Akajifungulia ndani ya gari."

"Na mtoto wamempa jina gani?"

"Mzunguko."

Watu wakacheka, halafu wakaacha. "Ni mzima," akasema Lusekelo polepole. "Huwa nakwenda kumwona. Mama yake haitikii salamu yangu."

Basi tukawa na watatu, na kila mmoja ana haki yake, na kila mmoja ana doa lake. Aliyechora hakufika mtoni. Aliyejenga alibadilisha kwa siri. Anayelea hufunga njia hata pasipo na kitu. Mama Haule akatazama wingu, akasema maneno ambayo desturi inamtaka aseme: "Nani atasimama chini?"

Lori lilikuwa limeshafika mwanzo wa daraja, limejaa mawe, linanguruma. Wagombea wote watatu wakashuka mtoni. Maji yalifika magotini. Wakaikaribia nguzo, na hapo Lusekelo akanyoosha kidole.

"Huo ufa sikuuona nilipokagua mara ya mwisho."

Naam, ufa. Methali ya ufa mnaijua, na wahandisi hawaipendi, kwa sababu kila mtu asiyejua kujenga huwatupia hiyo. Lakini ufa ulikuwepo, mwembamba, umeshuka kwenye nguzo kutoka juu hadi karibu na maji. Inawezekana ulikuwa wa juu juu tu, lipu imechoka. Inawezekana ulikuwa umeingia ndani mpaka kwenye nondo. Kwa macho hakuna aliyeweza kujua, na hilo walilikubali wote, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa wahandisi.

Nuruana akaenda moja kwa moja mpaka chini ya daraja, akaiegemea ile nguzo kwa mgongo. "Mwamba ulio chini ya nguzo hii niliugusa kwa mkono wangu. Pale nilipoiweka, hapo nasimama. Leteni lori!"

Mwalimu Mbwambo akabaki ndani ya maji, shati limelowa, kola imelala. Wanafunzi wake wakamwita kutoka juu. "Mwalimu! Itabeba au haitabeba?" Mwalimu huyu, kwa wote waliomsikiliza darasani, hakuwahi kukosa jibu. Akainua uso kuwatazama.

"Sijui," akasema.

"Unasemaje, Mwalimu?"

"Nimesema sijui! Nguzo niliyoipigia hesabu siyo hii. Hii sijaipigia hesabu. Siwezi kusimama chini yake, na wala siwezi kumwambia mtu apite juu yake. Sijui."

Na Lusekelo? Lusekelo hakuwa tena mtoni. Alikuwa ameshapanda ukingo mbio, buti zinamwaga maji, akasimama katikati ya njia mbele ya lori akatanua mikono.

"Lusekelo!" akaita Mama Haule. "Unaijua desturi. Ukilizuia, umejitoa."

"Naijua, Mama. Halipiti."

Dereva akazima gari.

Hapo sasa ndipo kelele zilipoanza. Waliokuwa upande wa Nuruana wakasema: "Huyu ndiye peke yake aliyesimama. Ameweka roho yake pale alipoweka zege." Wengine wakawajibu: "Huo ni ukaidi. Angekufa mbele yetu, tungemzika na kiti chake?"

Waliokuwa upande wa Mwalimu wakasema: "Kusema sijui mbele ya wanafunzi wako ni kazi kuliko kusimama chini ya mawe." Wengine wakawajibu: "Au ameona njia ya kumkomoa aliyemhamishia nguzo?"

Waliokuwa upande wa Lusekelo wakasema: "Amekitupa kiti ili mtu asife." Wengine wakawajibu: "Huyo hufunga kila kitu! Na leo kwa kufunga amewanyima wenzake nafasi ya kupimwa. Nani atathibitisha sasa?"

Wakapiga kura kwa kujipanga nyuma ya mgombea, kama walivyozoea. Hata nyuma ya Lusekelo walijipanga, wakisema desturi iliwekwa na watu na watu wanaweza kuitengua. Mama Haule akahesabu. Akahesabu tena. Mistari mitatu ilikuwa sawa sawa, na kura iliyobaki ilikuwa yake peke yake.

Akatembea mpaka mwanzo wa daraja. Mvua ilikuwa imeshaanza kule milimani, tukaona maji ya mto yanageuka rangi. Ng'ambo, mbele ya watu wote wa Kilole, alisimama mwanamke mwenye tenga la nyanya kichwani, ameshika mtoto mkono. Lusekelo alipomwona akainamisha kichwa, nasi tukajua ni nani, na yule mtoto ni nani. Mtoto alikuwa anakohoa, na hospitali, nimewaambia, iko upande huu.

Mwanamke akapaza sauti. "Nyie wahandisi! Mto unakuja huo! Tuvuke au tusivuke?"

Sote tukamgeukia Mama Haule. Mwenye kumjibu alikuwa mwenyekiti mpya, na mwenyekiti mpya alikuwa bado yumo mdomoni mwa Mama Haule. Mama Haule akamtazama aliyesimama, akamtazama aliyesema hajui, akamtazama aliyezuia. Kisha akanigeukia mimi, mimi mpika chai, akaniuliza, "Ungekuwa wewe?" Nikammiminia chai.

Yeye alijibu. Alilolijibu siwaambii, maana nikiwaambia mtaacha kufikiri. Ninawauliza nyinyi. Nuruana aliyesimama chini, Mwalimu aliyesema sijui, Lusekelo aliyezuia lori: je, nani alistahili kiti? Semeni upesi. Mama Mzunguko amechoka kungoja, na tayari ameinua mguu.