Mvua Alivyorudi Kwao

Wajukuu zangu, mnalalamikia vumbi la Dodoma kana kwamba ni mimi ninayelipuliza. Haya, kaeni niwaambie lilikotoka.

Jiji hili lilipokuwa bado pori la miiba, hapakuwa na kiangazi. Mvua alikuwa mke wa mtu. Mumewe ni Ndahani, mfugaji, na mtoto wao mchanga ni Nyasi. Mvua alishuka kidogo kidogo kila mwezi, na mtoto alikuwa mbichi mwaka mzima.

Siku moja ndama wa Ndahani alikwama kwenye tope, akafa. Ndahani akamtukana mkewe mbele ya wageni. Mvua alimlaza mtoto, akachukua kibuyu chake, akarudi kwao, milima ya mashariki.

Kwa desturi, mke aliyerudi kwao hufuatwa na mumewe mwenyewe, kwa miguu yake, akaombe radhi mbele ya wakwe. Ndahani aliona haya. Akamtuma mdogo wake, Chilewa.

Mvua alimpa maji, kisha akamwuliza, "Shemeji, kaka yako anaumwa miguu?"

"Haumwi, shemeji. Ni mzima."

"Basi mwambie namsubiri yeye."

Ndahani hakwenda. Nyasi alilia mpaka akanyauka, na kilio kikafika milimani. Desemba Mvua akaja, akamnyonyesha mwanawe hadi Aprili. Mumewe hakumsemesha hata neno moja. Kisha Mvua akaenda zake.

Juni upweke ulimzidi Ndahani. Akashika fimbo, akaondoka kwa hatua ndefu zilizotimua vumbi. Alipoona moshi wa kwa wakwe, akakumbuka aliyoyasema, akageuka. Julai akajaribu tena, na Agosti. Ilipofika Oktoba akabaki nyumbani, akakoka moto mkubwa, apike, labda mkewe angeuona. Chungu kilichemka mpaka kikakauka.

Na tangu mwaka huo, katikati ya mwaka ni upepo na vumbi, Oktoba na Novemba ni joto la mafiga, na mvua huja Desemba, kwa ajili ya nyasi, si kwa ajili yetu.

Bibi yenu alipoondoka, mimi nilimtuma kaka yangu. Alirudi peke yake. Nikasema nitakwenda mwenyewe baada ya mavuno. Sasa bibi huja sikukuu kuwaona ninyi, akakaa pale sebuleni, mkoba magotini. Upepo wa Juni ukianza, mimi hufunga madirisha. Najua unakokwenda, na najua utageukia wapi.