Mkwe Mwenye Kilemba Chekundu

Bi Mwanahawa alikuwa na mitetea, jogoo hana. Majogoo wa gulioni hakuwataka, maana hakuna ajuaye wametoka banda gani, na ugonjwa wa kideri huja na kuku mgeni. Jogoo aliyechanjwa alikuwa mmoja tu kijijini, wa tajiri Mwinyi Kitwana. Alipoombwa amwazime, Mwinyi alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Siku moja Mwinyi alikuja na tenga, majirani wakitazama.

"Yule mtetea wako mweusi anataga sana. Namtaka. Ukikataa, hama kwenye kiwanja changu."

"Mchukue, bwana mkubwa," Bi Mwanahawa akajibu kwa upole. "Ila usimfungie. Akifungiwa hununa, na akinuna hatagi."

"Na alale wapi?"

"Ubavuni mwa jogoo wako, asione upweke."

Mwinyi akafanya vivyo hivyo. Lakini kuku hasahau banda alilokulia. Jioni ya pili mtetea aliruka ua, akashika njia ya kwao mbio, na jogoo nyuma yake, mbawa chini, akibembeleza njia nzima.

Mwinyi akafika akihema, kanzu kaikunja magotini. "Mwizi wewe! Nipe jogoo wangu!"

"Mwizi? Si umemposa binti yangu mwenyewe, mbele za watu? Mkwe kaja ukweni."

Majirani wakaangua kicheko. Mwinyi akajitosa bandani kumkamata, jogoo akamtandika ugokoni kwa kipi, ule mwiba wa mguuni mwake. Akatoka anachechemea.

"Waache, bwana," akasema Bi Mwanahawa, "fungate haijaisha. Nenda kapumzike. Vifaranga wakitotolewa, nitakuletea mjukuu."