Mipaka ya Ndovu Halijai

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Palikuwa na nini?"

"Palikuwa na maji!"

"Maji gani hayo?"

"Ya kunywa na kubakiza!"

Basi sogeeni. Mwenye hindi la kuchoma alitafune taratibu, nataka nisikike.

Hapo kale palikuwa na kilima kikiitwa Kidundwe. Kilima hicho kilikuwa na msitu toka kichwani mpaka miguuni: mivule, mikuyu, mikwaju, ming'ongo, na juu yake ndege hondohondo wakilia kila asubuhi. Chini ya mkuyu mkubwa kulikuwa na chemchemi. Maji yalitoka kiangazi na masika, chururu, chururu, chururu.

Katika mawe yaliyo juu ya chemchemi aliishi pimbi mmoja, jina lake Sikujua. Mdogo, mnene kiasi, mkia hana. Alizaliwa palepale, na mama yake vilevile. Alimkumbuka mama yake akimshusha majini asubuhi na kumwambia, "Kunywa, mwanangu, lakini usiyakanyage. Wenzio wako nyuma." Na siku zile ndivyo wote walivyoishi. Aliyechuma tunda aliacha jingine. Ngiri akitaka kugaagaa matopeni, alishuka mpaka bondeni. Hapakuwa na askari wa kuwasimamia. Palikuwa na aibu tu, nayo ilitosha.

Siku moja ardhi ikatetemeka. Ndi! Ndi! Ndi! Akaingia ndovu dume, mgeni, ametoka nchi ambayo alikwisha kuimaliza. Wakamwita Halijai, kwa sababu ya tumbo lake.

Halijai alipenda majani machanga ya kileleni. Mkonga alikuwa nao, mrefu, angeweza kuunyoosha. Hakuunyoosha. Aliegemeza bega kwenye mti, akasukuma. Kraaa! Puuu! Akala tonge moja, mengine akayaacha yanyauke. Akaenda mti mwingine. Kraaa! Puuu! Tonge moja.

Wanyama wakamwambia, "Bwana, mbona unakula jani unaua mti?"

Akajibu, "Miti ni mingi!"

Mwaka ukapita. "Miti ni mingi!" Ukapita mwingine. Miti haikuwa mingi tena.

Jua likakipiga kilima utosini. Mvua ikinyesha inateremka na udongo wote, shwaaa, mpaka bondeni. Chemchemi ikapunguza sauti. Chu... kimya... chu... kimya. Na kiu ikawatoa wanyama adabu. Ngiri akagaagaa hapohapo kwenye jicho la maji. Mbega akawa anavunja matawi mabichi kwa pupa, akisema, "Nisipochukua mimi, atachukua yule."

Sikujua alikaa juu ya jiwe lake akitazama. Watoto wake walikuwa wanacheza vumbini. Akawaambia, "Hapa palikuwa na kivuli. Tulikuwa tunaokota makuyu yamelowa umande."

Watoto wakacheka. "Mama nawe! Umande ndio nini?"

Sikujua hakucheka. Neno lile lilimchoma kuliko kiu. Akashuka jiweni, akaenda.

Akamkuta Halijai kwenye mkuyu wa chemchemi, mti mkubwa wa mwisho uliobaki. Bega limeshawekwa. Mizizi inalia, kwaa, kwaa. Ngiri na Mbega wamesimama kando wanatazama.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," akasema Sikujua.

Halijai akatazama huku na huku. "Marahaba. Nani huyo?"

"Ni mimi, huku chini, karibu na ukucha wako."

"Sema upesi, nina njaa."

"Nimekuja kukupa pole. Watu wanasema kilima hiki si chako."

Bega likatoka mtini. "Nani anasema?"

"Wote, Bwana. Wanasema Halijai ni mpita njia. Anakula kama mpita njia, eti mwenye mali hali hivyo."

"Mimi? Mpita njia?"

"Nimewabishia mpaka koo limekauka! Nikawaambia, Bwana Mkubwa hajaweka mipaka tu. Akishaiweka, kilima chote chake."

"Mipaka inawekwaje?"

Sikujua akajikuna sikio, kama mtu anayekumbuka jambo la zamani. Jambo lenyewe alikuwa analitunga palepale. "Ndovu wakubwa wa kale, Bwana, walikula matunda yaliyoanguka. Ukwaju, ng'ongo, makuyu. Walikula wakashiba, kisha wakatembea. Walipojisaidia, pakawa pao. Lakini angalia! Mavi ya majani ni mavi tu. Mavi yenye mbegu ndiyo mpaka."

Mbega akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Na huu mti?" akauliza Halijai.

"Huo ni shahidi wako. Ukimwangusha shahidi, kesi utaishinda na nani?"

Halijai akafikiri. Kufikiri kulimchosha. Akauacha mkuyu, akaenda kutafuta matunda nyuma ya kilima, kule ambako miti michache ilikuwa bado imesimama.

Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake. Ndi, ndi, ndi, pu! "Hapa pangu!" Ndi, ndi, ndi, pu! "Na hapa pangu!" Akakizunguka kilima, akapanda, akashuka, akakata katikati, hakutaka kuacha hata upenyo.

Nyuma yake Sikujua akawapanga wenzake. "Ngiri, fukia kwa pua. Mbega, leta miiba uzungushie."

"Mimi nifukie mavi ya ndovu?" Ngiri akang'aka.

"Wewe unayelala matopeni, leo umejua kinyaa? Na matope yenyewe, kuanzia leo, utayafuata bondeni kama baba yako. Hapa penye jicho ni pa kunywa, tena kwa zamu."

Ngiri akanung'unika, lakini akashuka. Mbega naye akaona haya, akaacha kuvunja matawi mabichi.

Mvua zikaja. Kila palipokuwa na mpaka pakachomoza vijani viwili, laini, vinang'aa. Halijai alipoviona mate yakamtoka. Majani machanga! Tena chini, bila kusukuma chochote! Mkonga ukanyooka.

Sikujua akaruka, akasimama juu ya mche ule, miguu ameitanua. Mkonga ule ungeweza kumtupa mpaka ng'ambo ya bonde.

"Bwana! Unakula mpaka wako mwenyewe? Ukiula, kiwanja kimepungua!"

Mkonga ukabaki hewani, ukitetemeka. Njaa huku, mali huku. Halijai akafumba macho, akameza mate, gu! Mali ikashinda.

Kuanzia siku ile hakuna mlinzi aliyemshinda. Swala akisogeza mdomo, "Nani anakula mpaka wangu?" Pruuuu! Nyumbu akipita karibu mno, pruuuu! Yeye mwenyewe akawa anaokota matunda na kuchuma matawi ya chini, polepole, akihesabu mali yake kwa macho.

Miaka ikaenda. Mipaka ikawa miti. Udongo ukatulia, na maji yakarudi kidogo kidogo, mpaka chemchemi ikaanza tena kuzungumza. Sikujua sasa alikuwa ajuza, ndevu nyeupe. Hakusema kwamba mambo yamekuwa kama zamani, kwa maana hayakuwa. Mivule haikuota. Hondohondo hawakurudi, na asubuhi nyingine alijikuta ametega sikio kungojea mlio wao, halafu anakumbuka. Ulikuwa msitu mwingine, mchanga, wa mikwaju na ming'ongo. Akaketi katika kivuli chake, na wajukuu wake wakaja kumlalia ubavuni, akashukuru.

Halijai naye alizeeka pale. Kila jioni alisimama mbele ya chemchemi, akainua mkonga, akatangaza, "Kilima hiki chote changu!"

"Chako, Bwana!" wote walimjibu, kisha wakainamisha vichwa, wakanywa kwa zamu.

Na funzo, wanangu, ni hili: uongo ni mbaya sana, na mdogo asithubutu kumfundisha mkubwa. Kuhusu miti, msijisumbue hata kidogo kupanda. Kaeni tu mngoje ndovu mwenye tamaa apite kwenu. Mbona mnacheka?

Ngano yangu imeshiba, imelala. Aliyeisikia aende nayo, aliyesinzia akaiulize kwa jirani!