Machinjio ya Kwembago na Tanuri la Mlesa

"Uani kwako ni barazani kwa mwenzako." Mmeisikia leo mkutanoni, watu walipotaka kuchimba choo cha soko mpakani, nanyi mmekuja mbio kuniuliza imetoka wapi. Kaeni. Methali hii ilianza hivi, na aliyeitoa hakuwa na sifa ya busara. Alikuwa mwanamke mwenye njaa aliyetaka watu wamalize maneno, wale pilau.

Vijiji viwili vya mlimani, Kwembago na Mlesa, vilitenganishwa na mstari mrefu wa masale, mimea ambayo wazee hupanda kuonyesha mpaka. Zamani pembeni mwa mstari ule palikuwa na migomba tu. Kisha watu wakazaana, kila kijana akataka kiwanja, na nyumba zikasogea hadi kwenye masale. Kila kijiji kikapanga mambo yake kivyake, bila kumwuliza jirani hata upepo unaelekea wapi.

Kwembago walitaka machinjio. Mwenyekiti wao, Mzee Shemboko, akasema, "Chenye harufu huwekwa mbali na watu." Wakayaweka mwisho kabisa wa kijiji, upande wa juu, wakajipongeza. Hatua kumi tu kutoka hapo, ng'ambo ya masale, ilikuwa nyumba ya Mzee Mntambo, mwenyekiti wa Mlesa. Hilo halikuwahusu.

Mlesa nao walitaka tanuri la matofali, na akili walikuwa nazo pia. Wakalijenga mwisho wa kijiji chao, upande wa chini. Kila asubuhi moshi ukavuka masale na kuingia kwa Mzee Shemboko bila hodi.

Malalamiko yakaanza. Majibu yakawa yale yale pande zote mbili, utadhani yameandikwa na karani mmoja: "Hapo ni uani kwetu. Nanyi mna uani wenu."

Lakini mapenzi hayana mpaka. Shaibu, mtoto wa Mntambo, akampenda Mashavu, binti wa Shemboko, na binti naye akampenda. Posa ikapelekwa. Desturi ya huko ni kwamba wanaoposa hukaa barazani kwa baba wa binti, na hawaruhusiwi kuinuka wala kulaumu chochote mpaka binti mwenyewe ajibu. Ukiilaumu nyumba, umeikataa.

Shemboko aliingoja siku hiyo kwa hamu. Akawatandikia wageni mkeka upande wa moshi, kisha akaanza kuuliza habari. Aliuliza za mashamba, za ng'ombe, na za ng'ombe waliokufa mwaka juzi. Macho ya Mntambo yakawa yanachuruzika machozi.

"Mbona walia, mwenzangu?" Shemboko akauliza kwa upole wa uongo.

"Furaha tu," Mntambo akajibu huku akikohoa. "Nyumba yako ina joto zuri."

"Tunawashukuru nyinyi wa Mlesa kwa hilo."

Bi Sauda, shangazi wa binti, ndiye mwenye kazi ya kumwuliza. Alikuwa jikoni akiona pilau inapoa, na uvumilivu ukamwishia. Akamtoa Mashavu nje kabla hajaitwa.

"Mwanangu, watu hawa wamekuja kukuposa. Umeridhia?"

"Kijana nimemridhia, shangazi," Mashavu akasema ndani ya kanga. "Kwao siendi."

Shaibu alitaka ardhi immeze.

"Wamekukosea nini?" Shemboko akauliza, akijiandaa kufurahi.

"Wao hawajanikosea, baba. Umenikosea wewe. Chumba nitakachowekwa, dirisha lake linatazama machinjio yako. Mwaka mzima nimekohoa moshi wao, sasa nikalee wanangu kwenye nzi wetu?"

"Lakini mwanangu, mimi niliyaweka uani..." Aliona aibu, na aibu ile ilimuuma kuliko moshi wa mwaka mzima.

"Uani kwako ni barazani kwa mwenzako, kaka," Bi Sauda akasema. "Na leo mwenzako ni mwanao. Haya, amueni tule."

Wenyeviti wawili wakainuka pamoja. Kwa mara ya kwanza tangu wachaguliwe, waliufuata mstari wa masale kutoka juu hadi chini, kila mmoja akimwonyesha mwenzake anachokiona kutoka upande wake. Waliporudi walikuwa wamekubaliana: machinjio moja na tanuri moja, vyote bondeni kusiko na nyumba, na vijiji vyote vivitumie. Mashavu akasema amesikia, ila ataridhia siku atakayoona, si siku ya kuahidiwa. Miezi mitatu baadaye alikwenda mwenyewe kukagua, akarudi, akajibu ndiyo.

Tangu hapo, mtu wa Kwembago au wa Mlesa akitaka kupigilia hata kigingi karibu na mpaka, kwanza huvuka masale, hupiga hodi, na kuomba aketishwe mahali jirani anapoketi. Huko hutazama alikotoka, akayaona mambo yake yalivyo. Uani kwako ni barazani kwa mwenzako.