Majoho Mawili ya Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba, wakipika na kugombana na majirani kama sisi, paliondokea Nguchiro, mama wa watoto wanne. Nyumba yake ilikuwa shimo zuri kwenye ukingo wa Mto Matete. Jirani yake alikuwa Kiboko, na Kiboko alipenda kuota jua. Siku moja akaamua kwamba hapana jua tamu kama lile la juu ya paa la Nguchiro.

Pwaa! Akaketi. Nusu ya nyumba ikaporomoka.

"Mzee Kiboko!" Nguchiro akapiga yowe. "Umekalia nyumba ya watu!"

"Nyumba?" Kiboko hakufumbua hata jicho. "Mimi naona tundu. Ukingo huu ni wangu. Kabla mvua hazijaanza, wewe na vitoto vyako mhame."

Nguchiro alilia. Msidhani wajanja hawalii, wanangu! Mvua zilikuwa zimebakiza majuma matatu, na wale watoto hata macho walikuwa hawajafumbua. Angewapeleka wapi? Akalia mpaka pua ikavimba, kisha akaipangusa, akaenda mahakamani kufungua kesi.

Kuna jambo moja hakulitaja huko. Mwaka uliopita alikuwa amezungushia kiwanja chake uzio wa miiba, na uzio ukaziba njia ya Kiboko ya kwenda malishoni. Lakini nani huenda mahakamani na makosa yake mkononi?

Sasa, wanyama wa bonde lile walikuwa na sheria nzuri kupita kiasi. Waliipata kwa Wayahudi, watu wa Nabii Musa, wakaichonga kwenye jiwe kubwa: mkubwa asiogopwe kwa ukubwa wake, maskini asipendelewe kwa umaskini wake, na wanaoshitakiana wavae sawa, ili hakimu asibabaishwe na nguo. Juu kabisa palikuwa na neno HAKI, likafuatwa na neno HAKI tena. Wanyama walikuwa wakilitazama na kucheka. Walisema mchongaji alisinzia.

Hakimu alikuwa Nyani. Ili asimpendelee yeyote, alijifunga kitambaa cheusi machoni.

"Simwoni mkubwa! Simwoni mdogo!" alitangaza kila asubuhi, na umati ukampigia makofi, pa! pa! pa!

Nguchiro akaketi nyuma kusikiliza kesi iliyotangulia yake. Nyati alikuwa amekanyaga mayai ya Kanga. Kila mtu aliona, isipokuwa hakimu, maana alikuwa amefungwa macho. Ila Nguchiro aliona pua ya hakimu ikicheza. Nf, nf, nf. Ikageuka kushoto, ikarudi, ikageuka kulia, alikoketi Nyati na kikapu kilichofunikwa vizuri. Chumba kizima kilinukia ndizi mbivu.

"Haki iko upande wa kulia!" Nyani akanguruma. "Kanga ana kosa la kutaga njiani."

"Loo!" Nguchiro akajisemea. "Macho kayafunga, pua kaiacha wazi!"

Yeye hakuwa na ndizi hata moja. Na kama angekuwa nayo, wanawe walikuwa na njaa kuliko hakimu.

Siku ya kesi yake ikafika. Kiboko akaingia, gude, gude, gude! Alikuwa amevaa majoho mawili, moja juu ya jingine, kwa kuwa joho moja lilikuwa halitoshi kuonyesha ukubwa wake. La juu lilikuwa na mfuko mpana, na mfuko ulikuwa umetuna. Nguchiro alijitanda kipande cha kaniki kilichochanika.

"Mheshimiwa hakimu," Nguchiro akasema, "kabla hatujaanza, naomba jiwe lisomwe. Pale penye mambo ya nguo."

Karani alikuwa Kakakuona, mzee wa magamba aliyesoma polepole bila kuruka hata nukta. "Wanaoshitakiana... na... wavae... sawa."

"Basi mwenzangu ana majoho mawili, mimi sina hata moja. Ama ajitande kaniki yangu, ama anivike joho lake."

Umati ukacheka. Kaniki ile isingefunika hata sikio la Kiboko.

"Upuuzi mtupu!" Kiboko akafoka.

"Sheria ni sheria," Nyani akasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, maana alipenda kusifiwa. "Mzee Kiboko, vua la juu, mpe."

"La juu?" Kiboko akalikaza joho mwilini. "Ee... Mheshimiwa, nimpe la chini. La chini ndilo safi zaidi."

"Hee, Mzee wangu!" Nguchiro akashika mdomo. "Utalivuaje la chini bila kuvua yote? Mbele ya akina mama?"

Kiboko akatia mkono mfukoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Macho ya bonde zima yalikuwa kwenye mkono ule. Akiutoa na kitu, ataulizwa ni chakula cha nani. Akautoa mtupu, akalivua joho, akalitupa.

Gubi! Nguchiro akamezwa na kitambaa. Ilibaki ncha ya pua tu.

Kesi ikaanza. Kiboko akasema yake, Nguchiro akasema yake, na Nyani hakusikia hata neno. Alikuwa kazini. Nf, nf, upande wa kulia: tope tu. Akakunja uso. Nf, nf, nf, upande wa kushoto. Uso ukakunjuka.

"Naam," akanong'ona. "Kumbe huyu mdogo naye amefundwa adabu." Kisha akapaza sauti: "Haki iko upande wa kushoto!"

Vigelegele! Kiboko akainuka na benchi likavunjika, kwachakwacha!

"Kushoto vipi? Ndizi ni zangu!"

Shingo zote zikamgeukia.

"Ndizi zipi, Mzee?" Kanga akauliza kutoka nyuma, taratibu kabisa.

Nguchiro akachakura ndani ya joho, akatoa kichane kizima kilichoiva. "Labda hizi," akasema. "Zilikuwa mfukoni."

Nyani akang'oa kitambaa. Akaona nyuso za watu, akaruka dirishani, puu! Kanga na vifaranga vya ndugu zake nyuma yake, wakimdonoa. Mnajua nyani haoni kundule. Siku ile bonde zima lililiona.

"Mpeni Nguchiro ushindi!" umati ukapiga kelele. "Maskini wa watu! Mama wa wanne!"

Nguchiro akafuta machozi mawili, moja la kweli na jingine la kuongezea, akaanza kuelekea mlangoni.

"Keti, mwanangu," Kakakuona akasema. "Hukumu ya ndizi si hukumu. Kesi yako haijasikilizwa."

"Lakini babu, mimi ni mdogo! Sina kitu!"

"Naona. Na jiwe linasema maskini asipendelewe kwa umaskini wake. Hapo hukuniomba nisome."

Nguchiro akaketi. Aliukumbuka uzio.

Kakakuona akashika nafasi ya hakimu aliyekimbia, lakini hakufunga macho. Aliwachukua wote hadi mtoni, akainama, akalipima shimo, akawahesabu watoto wanne waliokuwa wakitetemeka kwenye vifusi.

"Nyumba ni ya Nguchiro," akasema. "Kiboko ataijenga upya kabla ya mvua, kwa mikono yake mwenyewe."

Vigelegele tena! Nguchiro akaruka juu. Kakakuona akapiga hatua moja mbele.

"Aaii!" akalia, mwiba wayoni. "Na hii miiba je?"

Kiboko akainua mguu wake polepole. Wayo ulikuwa na vidonda vitatu, kimoja bado kibichi.

"Ameziba njia yangu mwaka mzima," akasema kwa sauti ndogo. "Niliona haya kusema. Mimi, mkubwa hivi, nimeumizwa na nguchiro."

Hakuna aliyecheka.

"Uzio utang'olewa," Kakakuona akasema. "Mwiba mmoja mmoja, Nguchiro, kwa mikono yako mwenyewe."

"Ala!" Nguchiro akawaka. "Ni haki gani hii inayouma pande zote mbili?"

"Ndiyo maana imechongwa mara mbili," akasema Kakakuona. "Moja yako, moja yake."

Basi wiki mbili nzima Kiboko alikanda udongo huku akinung'unika, na Nguchiro aking'oa miiba huku akinung'unika zaidi. Mvua zilipoanza, wale wadogo wanne walifumbua macho ndani ya nyumba kavu, na Kiboko akapita njia yake bila kuchechemea.

Nanyi wanangu, mkimwona hakimu amefungwa kitambaa machoni, mpigieni makofi, ila mchungulieni pua yake pia. Na anayebisha hodi kwa haki asishangae ikitoka na kumkamata yeye pia.