Nusu Daraja na Mbuzi Mzima

"Tukizikata kamba hizi sasa hivi, nani kati yenu atabaki juu?" Injinia aliwauliza mafundi wake, nao wakatazama viatu vyao.

Wapendwa, niwarudishe nyuma kidogo. Palikuwa na bonde lenye kina cha kutisha, na reli ilipaswa kulivuka kwa daraja la upinde. Mafundi walianza ng'ambo zote mbili, kaskazini na kusini, kila kundi likiunga chuma mbele ya chuma juu ya hewa tupu, huku nusu yake ikishikiliwa kwa kamba nene za chuma zilizofungwa nyuma kwenye mwamba. Wakikutana katikati, upinde utajibeba wenyewe.

Kundi la kaskazini likawahi kufika katikati. Likachinja mbuzi! Likaanza na kejeli: "Nyie wa kusini, mnajenga au mnasuka mikeka?"

"Tunakuja, watani! Tubakizieni japo supu!"

"Supu? Mtakuta kwato!"

Hapo ndipo injinia alipopanda na swali lake. Kisha akasema, "Hamsikii kamba zinavyolia? Kila kipande mlichoongeza kimezivuta zaidi. Ninyi mlio mbele ndio mnaoning'inia vibaya. Na wingu lile mnaliona. Upepo wa mvua ukitukuta hivi, mimi sina la kuwaahidi."

Mmeona? Kumbe yule waliyemcheka ndiye aliyekuwa akija kuwashika mkono!

Basi wakafanyaje? Wakapanda kikapu kilichoning'inia kwenye waya uliovuka bonde, wakavuka kwenda kukaza bolti za kusini, na sufuria ya mbuzi ikatangulia. Chuma kilipogusa chuma, kamba zikalegea, na watu wazima wenye ndevu wakarukaruka kama watoto. Mvua iliwakuta katikati ya upinde, wakigombea supu. Upepo ukavuma, daraja likatulia tuli.

Na sisi? Hapa ndipo ninapokasirika. Tumeokoka mapema, tumekariri maandiko, tunakemea hata mapepo ya majirani. Halafu dada mgeni akikosea kufungua Biblia, benchi zima linacheka! Eti tumefika. Tumefika wapi, jamani? Tunaning'inia! Lakini furahini, maana wa ng'ambo ya pili wanakuja, na Bwana hakuchora nusu daraja.

Ninakuomba jambo moja tu: ibada ikiisha, mtafute mtu uliyemcheka, ukale naye chakula cha mchana.