Gauni la Hariri Kutoka Hoi An

Ndugu zangu, kulikuwa na bwana mmoja wa kusini huko kwenye mikorosho, katibu wa chama cha wakulima. Mwaka mmoja akachaguliwa pamoja na wenzake wanne waende Vietnam kuona wenzetu kule wanavyobangua korosho. Siku kumi na mbili. Siku moja kabla ya kurudi wakapelekwa Hoi An, mji wa zamani uliojaa mafundi cherehani, wakanunue zawadi.

Wenzake wakavamia kofia za majani na vibakuli vya kung'aa. Yeye hapana. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya ndoa na hajawahi kumletea mkewe kitu cha maana. Akaingia duka la mama mmoja mshonaji, akachagua hariri ya zambarau, akaomba gauni refu la kwao, lile lenye mpasuo ubavuni, la kuvaliwa na suruali.

"Vipimo vyake?" mshonaji akauliza kupitia kwa mkalimani.

Bwana akakwama. Akapanua mikono, akaibana, akaipanua tena.

"Mpigie simu ajipime."

"Hapana, mama. Nataka aone tu limefika."

"Basi ni kama nani hapa?"

Akaangaza macho dukani. Kulikuwa na mwanamke anapiga pasi, mwili umejaa, mikono minene. "Kama yule," akasema. "Yule yule kabisa!"

Akapimwa mpiga pasi. Jioni gauni likawa tayari.

Akarudi nyumbani, akalitoa gauni. Mkewe akaingia chumbani kulijaribu, akakaa humo kitambo, kisha akatoka.

Gauni lilimpwaya. Mabega yameteremka, kiuno kimekwenda huko, mikono ya gauni imemeza vidole. Bwana akacheka. "Yule mama kaniharibia!"

Mke hakucheka. Akaketi. "Hajakosea, baba. Hiki ni kipimo changu cha mwaka juzi."

"Umekonda lini?"

"Toka mwezi wa tatu mwaka jana. Sketi zangu zote nimezitia pini. Nilikwambia nina uvimbe hapa, ukasema ni gesi, ninywe tangawizi. Nikakwambia tena, ukasema subiri, unajaza fomu za pasipoti."

Bwana akamshika bega juu ya hariri, akakuta mfupa mtupu. Hapo ndipo alipoanza kuhesabu siku. Siku kumi na mbili hazimkondeshi mtu namna ile. Maana yake alimwacha akiwa hivyo hivyo. Alimuaga mlangoni akiwa hivyo. Alikula kila siku chakula kilichopikwa na mikono ile, akaomba aongezewe mchuzi.

Wakaenda hospitali. Daktari akatazama picha, akauliza jambo moja tu: "Mlikuwa wapi?"

Mkewe alizikwa korosho zikiwa zinaanguka. Baada ya mazishi wakwe wakamweka bwana kati, wakamuuliza kwa upole, bila hasira: "Mwenzetu, mtoto wetu alianza kuugua lini?" Akafungua mdomo. Mume wa miaka kumi na tisa! Akasema, "Nadhani mwezi wa tatu," na kila mtu pale akalisikia lile neno, nadhani.

Sasa msiniambie hakumpenda. Alimpenda. Mtu asiyependa angenunua kofia akaondoka. Ila alimpenda mwanamke wa mwaka juzi, na huyu wa mwaka huu akawa anakufa palepale mezani pake, bila kutazamwa.

Sisi je? Tunatuma hela nyumbani, tunanunua vitenge vya Krismasi, tunasema familia yangu haikosi kitu. Lini uliwatazama? Simaanishi kuwaona. Na mimi ninayesema haya nimo, mke wangu yuko pale mbele, anajua.

Ningependa kuwaambia kwamba bwana yule alipata faraja. Sijui kama aliipata. Siwezi kumtungia.

Nawauliza jambo moja tu. Uliyetoka naye nyumbani asubuhi hii, mmekuja pamoja ibadani, ameketi hapo ubavuni pako: amevaa nguo ya rangi gani?

Usigeuke. Jibu kwanza.